Hundi ya Wifi Yangu LaVonne

Sitaki kuanza na uongo, kwa hiyo niseme mapema: wifi yangu LaVonne Dykstra nimemwonea wivu miaka arobaini na moja. Hadi leo nikimwona anashuka garini na bakuli mkononi, roho huniuma kabla sijajua ndani mna nini. Ni dada wa mume wangu, Harm. Siku ya harusi yetu, hapa hapa Bruinsma, Iowa, keki ilikuwa yangu, gauni langu, bwana arusi wangu, na watu walirudi makwao wakizungumzia achari ya matango ya LaVonne.

Si tajiri, wala si mzuri wa sura kunizidi, na hilo Harm mwenyewe amelikiri. Alifanya kazi jikoni kwenye shule ya msingi miaka ishirini na sita, akiwapakulia watoto viazi. Mumewe Marvin alifuga nguruwe, akafa wakati wa mavuno, akamwachia nyumba nyeupe ya mbao na koti lake la majira ya baridi, ambalo LaVonne hulivaa mpaka leo na mikono yake imekunjwa mara mbili. Anacheka kwa sauti ya kusikika barabarani. Watoto aliowapakulia viazi sasa ni wanaume wenye vipara, na wakikutana naye dukani humkumbatia. Mimi nilikaa dirishani benki miaka thelathini na moja nikiwahesabia watu pesa zao wenyewe, na hakuna aliyenikumbatia.

Kisha kuna bahati yake. Kanisani kwetu kamari ni dhambi, na tikiti ya bahati nasibu ni kamari. Ukionekana unanunua moja pale kituo cha mafuta, habari zitamfikia mchungaji kabla hujafika nyumbani. Lakini kwenye maonyesho ya wilaya kila Agosti, kila mfanyabiashara huweka sanduku mezani na vikaratasi vya bure: andika jina, anwani na namba ya simu, tumbukiza, huenda ukashinda godoro. Hiyo si kamari, maana hukutoa senti. Ndivyo tulivyolelewa, na watu wa kanisa letu hujaza vikaratasi kama wanaolipwa. LaVonne huenda na kalamu yake mwenyewe. Hupita meza hadi meza, arobaini kwa siku, na hushinda. Mwaka 1994 alishinda godoro kweli. Paja la nguruwe la Krismasi, lile la duka la vyakula, amelipata mara tatu. Mimi nimejaza vikaratasi vile vile, kwa mwandiko mzuri zaidi, na sijapata hata kofia.

Chanda chema huvikwa pete, mama mkwe alikuwa akisema, akimtazama binti yake, huku mimi nikiosha vyombo.

Basi ilikuwa Jumapili moja ya Oktoba, tumeshuka chumba cha chini cha kanisa kunywa kahawa baada ya ibada. LaVonne akaingia na koti la Marvin, akafungua mkoba, akatoa bahasha.

"Haya, nyie mnaosema bahati yangu imezeeka," akasema. "Someni wenyewe."

Ilikuwa barua ndefu yenye nembo ya tai na muhuri wa dhahabu. Ilisema jina lake limechomolewa katika droo ya taifa, na kwamba ameshinda dola elfu themanini na tano. Ndani yake kulikuwa na hundi ya dola elfu nne mia nane na sabini. Hiyo ilikuwa ya kumsaidia kulipa kodi ya zawadi. Aiweke benki, kisha ampigie Bwana Preston, ambaye angemwelekeza namna ya kutuma hiyo kodi. Zilizobaki kwenye hundi ni zake.

"Droo gani hiyo?" akauliza mke wa mchungaji.

"Nitajuaje? Nimejaza vikaratasi arobaini. Kimoja lazima kiitike."

Watu wakacheka, wakampiga mabegani. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Angekuwa mtu mwingine wangeuliza maswali, lakini LaVonne kushinda kitu ni sawa na mahindi kuota Mei. Hundi ikapita mkono kwa mkono, kati ya vikombe na sahani za biskuti, hadi ikanifikia mimi.

Nitasema nilichohisi, maana ndicho kiini cha habari hii. Sikuhisi shaka. Nilihisi wivu, kiasi kwamba kahawa ilinigeukia uchungu. Elfu themanini na tano! Mimi na Harm tumebana matumizi maisha yetu yote hatujawahi kuziona pesa hizo mahali pamoja. Nikaishika ile hundi nikiitafutia kasoro, kama ninavyotafuta kasoro katika kila kitu cha LaVonne: pazia, mapishi, wajukuu.

Nikaipata. Hundi ya kampuni huchanwa kutoka kitabuni, kwa hiyo upande mmoja lazima uwe na vimeno vya kuchania. Hii ilikuwa laini pande zote nne, imekatwa kwa mkasi au mashine. Zile namba za chini, ambazo wino wake huwa haung'ai, zilikuwa ziking'aa. Mlipaji alikuwa kampuni ya chakula cha mifugo ya Texas, barua ilitoka kwa watu wanaojiita idara ya zawadi ya taifa, na bahasha ilikuwa na stempu ya Kanada. Tena, mshindi wa kweli halipi kodi kwa mtu wa kwenye simu; hulipa serikali mwenyewe, baadaye. Dirishani nilishawahi kushika hundi kumi na nne za namna hiyo. Hii ilikuwa ya kumi na tano.

LaVonne alikuwa amesimama mbele yangu, anangoja.

"Eh, wifi? Wewe ndiye mtu wa benki."

"Hongera, wifi," nikasema. "Unastahili." Nikampa hundi yake.

Garini Harm aliendesha hadi kwenye maghala ya nafaka, ndipo nikasema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Ile hundi ya dada yako ni feki."

Aligeuka nusu atutie mtaroni. "Umemwambia?"

"Bado."

"Arlys."

"Nitamwambia. Mbele za watu ningemwaibisha."

Hiyo ndiyo sababu niliyompa Harm, na ni sababu nzuri, mtu angeweza kuiamini. Ukweli ni kwamba nilitaka nimwone akianguka. Si kuumia sana. Mara moja tu, LaVonne arudi nyumbani mikono mitupu kama sisi wengine. Jumatatu nikafua nguo. Jumanne nikasafisha mitungi ambayo ilikuwa safi. Jumatatu ile ile yeye alikuwa ameshaiweka hundi benki.

Alhamisi Harm aliingia kula mchana, akaning'iniza kofia yake, hakuketi.

"Fundi wa mtambo wa kupasha nyumba joto anakuja kwa LaVonne wiki ijayo," akasema. "Ule wa zamani umepasuka. Amebana elfu nne tangu Marvin afe, ndizo zote alizonazo. Zikienda, mwanamke wa miaka sabini na moja analala kwenye barafu."

"Mwambie wewe basi. Ni dada yako."

"Mimi najua nini kuhusu hundi? Nikienda atasema nimetumwa na wewe." Akanitazama. "Na sisi sote tunajua kwa nini hujaenda."

Nikachukua funguo za gari.

Nilimkuta mezani jikoni. Mbele yake kulikuwa na kadi saba za zawadi za duka la vifaa vya ujenzi, kila moja ya dola mia tano, zimepangwa sambamba, na sarafu ya kukwangulia. Simu ilikuwa karibu na mkono wake. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika ishirini.

"Karibu, wifi, ila uwe mwepesi," akasema. "Bwana Preston anapiga saa nane. Nikwangue migongo nimsomee namba, basi kodi imelipwa. Nilitakiwa niwe peke yangu."

"Serikali gani inalipwa kodi kwa kadi za kununulia nyundo?"

"Nilijua utasema neno."

"LaVonne, ile hundi ni ya uongo. Nimeigusa mwenyewe."

Akacheka, akatoa karatasi mkobani, akanisukumia. Ilikuwa ya benki. "Soma hapo. Jana pesa zimeingia. Zimo, Arlys. Benki imezipokea, wewe nani uzikatae?"

"Sheria inailazimisha benki ikupe pesa siku mbili tu baada ya hundi kuingia. Hundi yenyewe bado iko njiani inarudi ilikoandikwa. Ikifika huko na kuonekana ni feki, itarudi hapa wiki ijayo au hata mwezi ujao, na benki itazitoa zote kwenye akaunti yako. Zote elfu nne mia nane na sabini. Hizo kadi umenunua kwa pesa zako, za mtambo wa joto."

"Jumapili ulinipongeza."

"Najua."

"Ulisema ninastahili. Leo ni feki. Kati ya Jumapili na leo kimetokea nini, kama si wewe kukaa kwako ukihesabu elfu themanini na tano za mwenzio?" Hakuwa na hasira, hilo ndilo baya. Alinisemesha kama alivyokuwa akisema na watoto wasiopenda karoti. "Wifi yangu mpenzi, hata ningepata ugonjwa ungenionea wivu. Sikulaumu, ndivyo ulivyoumbwa. Lakini usinikalie hapa saa hii."

Akachukua sarafu na kadi ya kwanza. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Nilitaka kuondoka. Nilisimama kabisa, nikafunga kifungo kimoja cha koti. Nilikuwa nimesema, angeumia kwa ukaidi wake, na hakuna mtu Bruinsma ambaye angenilaumu. Kisha nikaona kwamba amevaa lile koti la Marvin humo humo ndani ya nyumba, na pumzi yake ilikuwa ikitoka kama moshi.

"Ni kweli nina wivu," nikasema. "Lakini wewe hujui wivu wangu unavyofanya kazi. Ngoja nikuambie. Mimi nikikuonea wivu ninatabasamu. Ninasema hongera. Jumapili ndiyo ilikuwa wivu. Hujawahi kunisikia hata siku moja nikikuambia usoni kwamba kitu chako ni kibaya."

"Ndiyo kwanza unaniambia."

"Kwa sababu sasa si wivu. Wivu wangu hupita nyuma. Unakumbuka pai yako ya tufaha, mwaka ule wa maonyesho?"

Mkono wake ukasimama.

Kila mtu hapa anaikumbuka pai ile. Miaka kumi na tisa iliyopita LaVonne alikuwa ameshinda utepe wa bluu, ule wa pai bora, miaka sita mfululizo. Mwaka wa saba waamuzi walipata kijikaratasi kisicho na jina, kinasema kwamba unga wake wa pai ni wa kununua dukani, umeshakandwa na kugandishwa. Hawakuwa na namna ya kujua, wakaiondoa mezani mbele za watu. LaVonne aliibeba pai yake hadi garini katikati ya umati. Hakupeleka pai tena. Alijishikilia kwenye achari, na akaamini ni Trudy Hoekstra aliyeandika, kwa kuwa Trudy ndiye aliyepewa utepe. Walikuwa marafiki tangu utotoni. Hawajasalimiana tangu siku hiyo.

"Si Trudy," nikasema. "Niliandika mimi. Kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usijulikane. Nilikuwa nimekuona jikoni kwako siku iliyotangulia ukikanda unga hadi viwikoni, na bado nikaandika. Halafu nikaja kwako jioni na kitoweo, nikakufariji."

LaVonne aliweka sarafu mezani. Uso wake ulikuwa umekuwa mzee.

"Mtu aliyekufanyia hivyo hana sababu ya kukutetea," nikasema. "Kama ningekuwa na wivu leo, ningekaa nyumbani nikangoja uumie. Nimejaribu siku nne. Usisome hizo namba."

Simu ikaita. Iliita mara nne, mara tano. LaVonne aliiangalia, akaniangalia mimi, kisha akaiinua.

"Ndiyo, Bwana Preston. Ninazo zote saba. Hapana, sijakwangua bado." Nilisikia sauti ya mwanamume, tamu kama sharubati. "Subiri kidogo, baba, wifi yangu yuko hapa. Alikuwa karani wa benki miaka thelathini na moja. Anataka kukusalimia."

Alininyooshea simu. Nilipoiweka sikioni hapakuwa na mtu.

LaVonne aliweka mikono yake juu ya zile kadi. Nilitarajia alie. Badala yake akazikusanya moja moja, akazifunga kwa mpira, akaziweka kwenye kopo la sukari.

"Mama alisema kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Nilidhani anasema kuhusu chawa wa nguruwe. Nimemchukia Trudy miaka kumi na tisa. Alifiwa na mwanawe, sikwenda."

"LaVonne…"

"Asante kwa pesa. Sasa toka nyumbani kwangu."

Nikatoka.

Hundi ilirudi siku ya tisa, imepigwa muhuri, na benki ikajitwalia chake chote, pamoja na faini ndogo. Lakini kadi zilikuwa nzima, hazijakwanguliwa, na duka la vifaa vya ujenzi linauza mitambo ya joto. LaVonne alinunua mtambo kwa zile kadi saba za Bwana Preston, akamwongezea fundi dola chache. Mtu mwingine angebaki na aibu; yeye alibaki na joto, na hadithi ya kuchekesha. Harm aliponisimulia nilifurahi, Mungu anajua nilifurahi, na wakati huo huo nikahisi kitu kikinichoma chini ya mbavu. Hata akitapeliwa anashinda.

Majira yote ya baridi hakunisemesha. Kanisani alihamia benchi la upande wa pili, akakaa na Trudy Hoekstra. Sijui waliombana msamaha vipi. Niliwaona tu wakishika kitabu kimoja cha nyimbo, wazee wawili, na nilitambua kwamba nimepoteza kitu ambacho sikujua kuwa ni changu. Nilingoja aseme kuhusu kijikaratasi. Mji mdogo huu. Neno moja kutoka kwake ningehama. Hakusema.

Machi, ofisi ya sherifu iliandaa mkutano ukumbini kwa ajili ya wazee, maana barua za zawadi zilikuwa zimemiminika wilayani, na watu watatu walikwishatoa akiba yao. Msemaji alikuwa LaVonne. Nani mwingine? Gazeti lilileta mpiga picha. Alisimama mbele na koti la Marvin, akiwa ameinua bahasha yenye stempu ya Kanada, na watu mia wakicheka naye kwa furaha. Mimi niliyeijua ile hundi kwa ncha za vidole vyangu nilikaa safu ya tatu, na wivu ukanila kama siku zote.

Aliwaambia yote. Kwamba zawadi ya kweli hailipiwi. Kwamba pesa kuonekana kwenye akaunti si ushahidi wa kitu. Kwamba mtu anayekutaka uwe peke yako ukipokea simu, anajua kwa nini. Kisha mzee mmoja akainua mkono.

"Sasa, bibi, mtu atajuaje? Wewe ulimwonyesha nani?"

"Niliwaonyesha rafiki zangu wote kanisani," LaVonne akasema. "Wananipenda. Wakafurahi na mimi, hakuna aliyeitazama mara mbili." Alikunja bahasha polepole. "Ukipata barua kama hii, usimpelekee anayekupenda. Mpelekee anayekuonea wivu. Huyo ataigeuza mbele na nyuma mpaka aone kasoro. Halafu omba Mungu awe na moyo wa kukuambia."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Hakunitazama. Trudy alinitazama, kwa utulivu, na nikajua kwamba anajua.

Baadaye tulisogea nyuma ya ukumbi kunywa kahawa. Nilikuwa navaa koti langu niondoke kimya kimya, ndipo sahani ikawekwa mbele yangu, kipande cha pai ya tufaha, bado ya moto. Ilikuwa ya kwanza kuonekana hadharani kwa miaka kumi na tisa.

"Kula, wifi," LaVonne akasema. "Unga nimenunua dukani."

Akaenda zake kuwapakulia wengine. Niliketi nikala. Ukingo wake ulikuwa umebonyezwa kwa vidole, kidole gumba cha kulia kikiegemea upande kama alivyokuwa akibonyeza siku zote. Ilikuwa tamu kuliko pai yoyote niliyowahi kuoka maishani, na niliimaliza hadi chembe ya mwisho, huku wivu ukinitoa machozi.